Barua ya Posa Iliyokwama Kwenye Jina

Washenga walikuja wawili, Jumamosi jioni, na barua yao ilikuwa imefungwa kwenye leso nyeupe pamoja na kishika uchumba. Kaka yangu, baba wa binti, alimpa baba mkubwa aisome, kwa kuwa nyumbani kwetu barua ya posa haisomwi na mzazi wa binti. Baba mkubwa akavaa miwani, akasoma salamu, akasoma jina la kijana, kisha akanyamaza. Akairudia ile sentensi kimoyomoyo, midomo ikicheza. Halafu akaikunja barua, akaiweka chini ya kisahani cha chai, akawaambia wageni kwa upole kwamba wamepokelewa, ila majibu yatachukua muda.

Kijana anaitwa Kalinga. Sisi ni kina Mwakalinga.

Kwa asiye Mnyakyusa, hayo ni majina mawili yanayokaribiana tu. Kwetu sisi, Mwa- iliyo mwanzoni mwa jina maana yake ni wa fulani: mtoto, mjukuu au kitukuu cha fulani. Mwakalinga ni wa Kalinga. Kwa hiyo aliyekuja kuoa alikuwa amebeba jina lenyewe la mzee wetu, na ukoo mmoja hauoani. Binti wa kaka alikuwa jikoni akisikiliza ukimya wa sebuleni. Nilipoingia akanishika mkono, akauliza, "Shangazi, kuna nini?" Nikamwambia asubiri, nami mwenyewe sikujua anasubiri nini.

Usiku ule baba mkubwa aliniita pembeni. "Wewe umekaa masjala miaka 22, kazi yako ni majina ya watu. Nenda katafute. Tukikuta ni damu moja, tutawarudishia barua yao kwa heshima. Tukikuta si damu moja, watoto waoane. Ila usituletee mambo ya kudhani."

Nilikubali nikiamini ni kazi ya wiki moja. Nilikuwa nimeshika maelfu ya mafaili, nikadhani anayejua kupanga majina anayajua majina.

Nilianza na simu, kama anavyoanza kila mtu siku hizi. Nikaandika Kalinga, na dunia nzima ikanijibu. Kuna mkoa wa Kalinga kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, Ufilipino. Kuna Kalinga ya kale huko India, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Odisha, ambayo mfalme Ashoka aliipiga vita katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Kuna Tuzo ya Kalinga ya UNESCO, inayotolewa tangu 1952 kwa wanaoieleza sayansi ikaeleweka na watu wa kawaida, na jina lake limetoka hukohuko India. Kisha nikakutana na Kalinga ya Rwanda, ngoma kuu ya kifalme iliyokuwa alama ya mamlaka ya mwami mpaka ufalme ulipoondolewa mwaka 1961.

Hapo kwenye ngoma ndipo nilipopotea. Nilikaa kitandani mpaka saa saba usiku nikiunga vipande: wazee wetu wanasema tulitoka mbali, ngoma ya mfalme ina jina la mzee wetu, basi huenda tulitoka Rwanda. Ilikuwa hadithi tamu, na ilinipa fahari niliyoisikia kifuani. Asubuhi nilipoisoma tena kwenye daftari niliona haina mguu hata mmoja wa kusimamia. Herufi saba zilikuwa zimekutana, basi. Nikaipiga mstari, lakini sikuichana karatasi. Bado ipo, ukurasa wa kwanza, na ninafurahi kwamba ipo, maana kila nilipojaribiwa kuunga haraka baadaye niliifungua nikaitazama.

Hata hiyo Mwa- yenyewe ilikuwa imenidanganya miaka mingi. Kazini, kila faili lililoanza na Mwa- nililihesabu moyoni kuwa la mtu wa Mbeya. Sivyo. Pwani ya Kenya Wadigo wanazo Mwa- zao. Chirau Ali Mwakwere, aliyekuwa waziri katika serikali ya Kenya, ni mtu wa Kwale. Wataita nao wanazo tele. Levi Mwanawasa, rais wa Zambia kuanzia 2002 mpaka 2008, alikuwa Mlenje. Mwangi ni jina la Wakikuyu, na kwao liliwahi kuwa jina la rika zima. Mwinyi ni neno la Kiswahili la heshima, bwana au mwenye mji, halina uhusiano wowote na kiambishi chetu. Ukiyapanga kwa alfabeti, wote hao wanakaa droo moja.

Basi nikaomba likizo, nikapanda basi la kwenda Mbeya, na kesho yake nikapanda gari dogo la Tukuyu. Anayeijua Tukuyu anajua mvua yake. Wajerumani walipoufanya mji huu makao yao waliuita Neu Langenburg, na nadhani hata wao walichoka kuanika nguo. Barabara inashuka kati ya migomba na mashamba ya chai, kila kitu kijani, udongo mweusi wa volkano ukishika viatu. Nilikuwa nakwenda Busokelo kwa babu mdogo, ndugu wa mwisho aliyebaki katika rika la babu yangu, mzee anayekaribia miaka 90.

Nilimkuta barazani akimenya maharage. Nikapiga goti, nikamsalimu kwa Kinyakyusa changu cha Dar es Salaam. Alinisikiliza mpaka mwisho, ya posa na ya jina, bila kuacha kumenya. Nikamwomba anionyeshe kijiji cha kina Mwakalinga ili nianzie huko.

"Hakipo," akasema.

Nikadhani hakunisikia. Nikarudia kwa sauti.

"Nimekusikia, mama. Hakipo. Hakijawahi kuwapo."

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu ndipo kila nilichokuwa nakijua kiligeuka. Nilikuwa na picha kichwani niliyoipata kwa mwenzangu wa kazini, Mchaga. Kwao ukitaja jina la ukoo, mtu anakutajia upande wa mlima, na ukifika huko unakuta kihamba chao, migomba iliyopandwa na babu wa babu, na makaburi yao humohumo. Jina na ardhi vimefungwa kamba moja. Nami nilidhani kila kabila liko hivyo. Nikifika nitaonyeshwa bonde moja lenye kina Mwakalinga watupu.

Babu mdogo akanieleza walivyoishi wazee. Mvulana wa Kinyakyusa akifika miaka 10 au 11 hakubaki kulala kwa baba yake. Yeye na wenzake wa umri ule walijenga vibanda vyao kando, wakalala huko, wakawa wanakwenda kula kwa mama zao kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walipokua wakaoa hukohuko, na vile vibanda vikawa kijiji. Kwa hiyo jirani yako hakuwa ndugu yako wa damu. Alikuwa mwenzako wa rika. Baba na mwana walikuwa vijiji tofauti, na ndugu wa tumbo moja waliopishana miaka mingi nao walikuwa vijiji tofauti. Watafiti Godfrey na Monica Wilson walioishi Rungwe miaka ya 1934 mpaka 1938 walilishangaa sana jambo hili, kijiji cha marika badala ya kijiji cha ukoo, na wakaliandika kwa kirefu.

"Sasa jina litakaaje mahali pamoja," babu mdogo akaniuliza, "na wenye jina wenyewe hawakukaa pamoja?"

Kisha kulikuwa na ubusoka. Watoto wa malafyale, chifu wetu, walipokomaa pamoja na rika lao, ilifanywa sherehe kubwa ya kuwatoa. Nchi ya baba yao iligawanywa, wana wawili wakubwa wakapewa kila mmoja upande wake, na wazee wakasogea pembeni kuwapisha. Kila kizazi nchi moja ikawa mbili. Kila mkubwa mpya akawa mzee wa kutajwa, na wajukuu zake wakajiita kwa Mwa- yake. Ndiyo sababu Mwa- zetu ni nyingi kuliko inavyotarajiwa kwa watu wanaosimulia kuwa machifu wao walishuka pamoja kutoka Ukinga. Mwendo huo wa kugawana na kusogea ulikwama Wajerumani walipoingia miaka ya 1890, ardhi ikaanza kubana na mipaka ikawekwa.

Nikamuuliza swali la mtu wa masjala: je, mtu alijuaje Mwa- yake ni ipi, ya baba, ya babu au ya mzee wa mbali? Aliweka ungo chini. "Ilitegemea unaongea na nani. Ukiwa kwa watu wanaomjua baba yako, wewe ni wa baba yako. Ukienda mbali, unamtaja mzee anayejulikana huko. Kalamu ndiyo iliyotufungia."

Sikulala vizuri usiku ule. Kama kalamu ndiyo iliyofunga, basi pa kutazama ni mahali kalamu ilipoanzia. Wamoravian walifungua misheni yao Rungwe mwaka 1891, na familia yetu ilibatizwa katika usharika wao mmoja wa milimani. Nilikwenda na barua ya mchungaji wa kwetu Dar es Salaam, nikaruhusiwa kukaa na vitabu vya ubatizo vya zamani siku mbili nzima.

Kitabu chenyewe kilikuwa kirefu, jalada gumu, uti wake umeshonwa upya kwa uzi wa viatu. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Mwandishi wa miaka hiyo alikuwa na mwandiko mzuri, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi za upepo. Nilimpata babu yangu, Ambakisye, kwenye ukurasa wa kushoto. Safu ya mwisho: Mwakalinga. Nikatabasamu peke yangu. Kisha, nikiwa nafunua tu, miaka mitatu nyuma yake nikakutana na jina la kaka yake mkubwa, ambaye nilisikia habari zake utotoni kama mtu aliyehama asirudi. Jina la baba, lilelile. Jina la mama, lilelile. Mahali pa kuzaliwa, palepale. Safu ya mwisho: Mwaijande.

Nilisoma mistari ile miwili nikiwa nimeiwekea kidole kila mmoja, kidole cha kushoto na cha kulia, kama anayeogopa mmoja utakimbia. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Siku ya kubatizwa, mkubwa alimtaja mzee wa karibu, Ijande. Mdogo, miaka mitatu baadaye, labda mbele ya mwandishi mwingine, alimtaja mzee wa mbali zaidi, Kalinga. Kuanzia siku hizo mbili familia moja ikawa na majina mawili, na hakuna aliyeandika pembeni kwamba hawa ni ndugu.

Mbeya mjini, mtaa wa pili kutoka nyumba aliyokulia baba yangu, kuna familia ya Mwaijande. Tumezikana nao. Tumeazimana sufuria za sherehe. Hakuna siku hata moja tuliyowahi kujiuliza. Nilipofikiri kwamba mmoja wa wajukuu wa hapo angeleta barua ya posa tungeipokea kwa vigelegele siku hiyohiyo, huku hii ya Kalinga tumeiweka chini ya kisahani, nilisikia baridi mgongoni. Niliwapigia simu kabla ya kuondoka Rungwe. Mzee wao aliyataja majina ya wazee kwenda juu, nami nikafuata kwa kalamu. Yalilingana yote na ya kitabu.

Baada ya hapo nilianza kulifuatilia jina kwa namna nyingine, nikiwauliza watu waliotoka badala ya kutafuta shina. Mji wa Mbeya wenyewe umejaa Mwa-: ukishuka Mwanjelwa au Mwakibete unatembea juu ya majina ya watu, na viwanja vya Nane Nane vinaitwa John Mwakangale, mwanasiasa wa TANU aliyempokea Nelson Mandela mjini hapo mwaka 1962. Kina Mwakalinga wetu walianza kutoka Rungwe kwa ajili ya dhahabu. Ilipovuma dhahabu ya Lupa, huko Chunya, miaka ya 1930, vijana wengi wa Kinyakyusa walipanda kwenda kuchimba, akiwamo baba mdogo wa baba yangu na kaka zake wawili wa ukoo. Mmoja aliacha kipande chake cha kazi ndani ya kopo la bati. Nimekishika. Karatasi imekatika penye mkunjo, na jina limeandikwa Makalinga, bila w. Watoto wake wote, mpaka leo, ni kina Makalinga. Wengine waliendelea mpaka migodi ya shaba ya Zambia, na reli ya TAZARA ilipoanza kazi miaka ya 1970 watoto wao wakaanza kuja likizo wakiongea Kibemba. Hao jina lao halikuguswa.

Hilo la herufi linanigusa binafsi. Nilipomaliza shule, cheti changu kilitoka na jina Mwakalinda. Ofisi iliyokosea ilinitaka nilete kiapo, kisha barua ya shule, kisha kiapo kingine kwa sababu cha kwanza kilikuwa kimeandikwa jina sahihi wakati faili lina jina la makosa. Ilinichukua miezi 7 na nafasi moja ya chuo. Nililia sana kipindi kile. Tangu nilipoajiriwa masjala sijawahi kuandika jina la mtu bila kumsomea kwa sauti na kumwomba aliangalie kwa macho yake. Wapo wanaoniona nachelewesha foleni. Wanisamehe. Ninajua herufi moja inavyoweza kumhamisha mtu kutoka kwa ndugu zake.

Kabla sijaenda kwa familia ya kijana nilitaka kwanza kuvuka mto Songwe, niingie Malawi. Jina la Kalinga bila Mwa- lilikuwa limenikaa kichwani tangu nilipokutana na habari za Owen Kalinga, mwanahistoria wa Malawi aliyeandika historia ya ufalme wa Wangonde. Wangonde na Wanyakyusa ni watu ambao mto umewagawa kwenye ramani tu. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walikubaliana huko Ulaya kwamba mto Songwe uwe mpaka, na waliokuwa wakivuka kwenda kuomboleza kwa shangazi zao wakajikuta wanakwenda nchi nyingine. Masimulizi ya pande zote mbili yanawataja wakuu wa jadi, Lwembe wa Lubaga upande wetu na Kyungu wa Mbande upande wao, na wote wanaelekezwa kwenye milima ya Ukinga.

Nilivuka pale Kasumulu, nikapanda gari mpaka Karonga. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba nilielewa karibu kila kitu walichokuwa wakisema abiria. La pili ni majina. Mwangonde, Mwaungulu, Mwafulirwa, Mwakasungula. Ni kama kuingia chumba cha pili cha nyumba yako ambacho hujawahi kukifungua. Nilielekezwa kwa mzee mmoja wa jina letu, akanikaribisha wali na samaki wa ziwani, nasi tukaketi kila mmoja na orodha ya wazee wake. Yeye aliweza kupanda vizazi sita. Mimi, kwa msaada wa babu mdogo, saba. Orodha hazikukutana popote isipokuwa kileleni, kwa huyo Kalinga, na kilele kila mmoja wetu alikisikia kwa kuambiwa. Kalinga wake aliishi karibu na ziwa. Wangu aliishi milimani. Yule mzee hakutaka kulazimisha. "Tuandike zote mbili," alisema, "atakayekuja baada yetu akiwa na jina la nane atatuambia." Nikaziandika zikiwa zimeelekeana, kushoto ya kwake, kulia ya kwangu. Nilimshukuru kwa lugha yetu, "Ndaga fijo," naye akacheka kwa furaha kwa sababu ilimfika bila mkalimani.

Iliyobaki sasa ilikuwa Makete. Familia ya kijana ni Wakinga, na hapo ndipo wasiwasi wa baba mkubwa ulipokuwa na uzito, maana kama machifu wetu walishuka kutoka Ukinga, na huyu Kalinga ametoka Ukinga, basi mtu anaweza kuona mduara umefungika. Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na kaka yangu na mzee wa Mwaijande, kwa sababu nilishamwona ni baba kama wengine. Njia ya kutoka Njombe inapanda mpaka masikio yanaziba, na jioni ile baridi ya Makete ilitufanya tuvae kila tulichobeba.

Babu wa kijana alikuwa amekwisha kufariki, lakini baba yake alitupokea vizuri, na dada yake mkubwa, mama mmoja mpole mwenye kumbukumbu kali, ndiye aliyekuwa mtunza habari wa nyumba ile. Nimejifunza hilo pia: ukitaka habari za ukoo, ukiwamalizia wanaume maswali, mtafute shangazi. Yeye ndiye aliyepelekwa huku na huku kwenye misiba na arusi, na yeye ndiye aliyekuwa anaambiwa huyu usimpe mkono, huyu ni mjomba wako.

Nilimuuliza: ukoo wenu ni nani?

"Sanga," akajibu papo hapo.

Kaka yangu akaniangalia. Nikauliza tena, na Kalinga je?

"Kalinga ni baba yetu. Ni jina lake alilopewa alipozaliwa. Yeye ni Kalinga, baba yake ni Sanga." Akamgeukia mdogo wake, baba wa kijana. "Huyu alipopelekwa shule, mwalimu alimuuliza, wewe ni mtoto wa nani? Akasema, wa Kalinga. Mwalimu akaandika. Mimi sikupelekwa shule, kwa hiyo mimi ni Sanga mpaka leo."

Yalikuwa maneno machache tu, na yalimaliza safari ya miezi miwili. Jina lao lilikuwa na umri wa mtu mmoja. Letu lina vizazi saba kwa hesabu ya babu mdogo. Fomu zetu zote nchini zina nafasi iliyoandikwa jina la ukoo, na mimi mwenyewe nimezipokea nyingi sana, lakini mtu anayeijaza mara nyingi anaandika jina la babu yake, na hadanganyi, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa darasa la kwanza. Mtoto wa huyo huenda ataacha Kalinga na kuanza na jina la baba yake. Kwa hiyo nafasi moja kwenye karatasi inabeba vitu viwili visivyofanana hata kidogo: jina linalotembea na ukoo karne kwa karne, na jina linaloishi vizazi viwili likapisha jingine.

Niliwauliza pia juu ya lile simulizi la machifu walioshuka. Yule mama alifikiri. Akasema kwao husikia kwamba wapo waliokwenda upande wa ziwa zamani sana, lakini hakuna aliyebaki na majina yao, na hakumbuki kuambiwa kwamba kina Sanga wa nyumba ile ni miongoni mwao. Kaka yangu akasema kwetu hatuhesabu undugu usio na jina hata moja la katikati. Mzee wa Mwaijande akakubali. Tukala, tukalala, asubuhi tukaomba pamoja.

Nyumbani niliifungua daftari mbele ya baba mkubwa, nikamwonyesha kurasa zote, hata ule wa ngoma ya Rwanda. Alisoma polepole sana. Alipofika kwenye mistari miwili ya kitabu cha ubatizo, niliyoinakili kama ilivyo, alivua miwani. Kaka mkubwa wa baba yake. Alikuwa na miaka minne alipomwona mara ya mwisho, akasema, akiwa amebebwa mabegani naye kuvuka kijito, na siku zote alijua tu kwamba babu yule alipotea. Hakuwa amepotea. Wajukuu zake wanauza vifaa vya ujenzi mtaa wa pili.

Sasa ndani ya jalada la daftari kuna orodha ambayo wazee wameagiza iulizwe kwa kila posa inayoingia katika nyumba yetu. Ina Mwakalinga, Makalinga na Mwaijande. Kalinga ipo pia, na mbele yake nimeandika: ulizwe kwanza ni jina la nani.

Mahari ilipokelewa Mbeya, mwezi wa nane. Wakinga walikuja na magari mawili, na yule mama wa Makete alikuwa wa kwanza kushuka. Viti vya kina baba vilikuwa vimepangwa vitano mstari wa mbele. Baba mkubwa akahesabu, akatuma kijana alete cha sita, akakiweka kulia kwake mwenyewe na kumwita mzee wa Mwaijande akae. Mshenga, ambaye kazi yake ni kujua anakabidhi ng'ombe kwa nani, aliuliza kwa adabu yule mzee ni nani kwa binti.

Mzee akasimama, akavua kofia. "Mimi ni babu yake," akasema.

Baba mkubwa akamwambia mshenga aendelee.